Uzi wa Mzee Owino

Kinubi kilikuwa kwenye mfuko wake, zipu imefungwa, lakini uzi mmoja ulilia. Akoth, aliyekuwa akichambua sukuma jikoni kwake Mwihoko, alidhani ni simu. Ulipolia tena alisikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Jumamosi iliyofuata Akoth alipigia maharusi wa Thika nyimbo za mapenzi; Jumapili alipiga tenzi kanisani Ruiru, waumini wakatoa leso. Uzi wa kinubi ulikuwa umekatika, naye, badala ya kungoja mwingine, akachomoa mmoja kwenye nyatiti, kinubi cha asili cha Wajaluo, ya marehemu babake, Mzee Owino. Kwao mpigaji akifa, nyuzi zake hukatwa kabla mwili haujatoka nyumbani, asibaki na kitu cha kuwaitia watu. Akoth alikataa zisikatwe. Alikuwa ameokoka, bwana, hayo akayaita ushamba. Alitaka ukumbusho, akaupata.

Jumamosi hiyo, katikati ya wimbo, uzi ulitamka kwa sauti ya mzee: Gachanja. Bwana harusi alidhani ni MC, akainua mkono akicheka, "Niko!" Alizikwa kabla picha za harusi hazijatoka. Kisha kanisani ukamwita Mama Njambi wa kwaya. Naye aliitika.

Siku chache kabla ya harusi ya Emmah, bintiye wa pekee, uzi uliita sebuleni mchana kweupe: Emmah. Bahati nzuri alikuwa saluni Juja. Akoth alilia kama mtoto, akampigia simu Opiyo, ndugu mdogo wa babake. Opiyo alikuja na kisu.

"Mbona hukuniambia mapema, nyara, binti yangu?" alinong'ona.

"Niliogopa, Baba. Wangesema mimi ndio nawaua."

"Emmah ameitika?"

"Hakuwa kwa nyumba."

"Basi mwambie, akisikia jina lake na haoni mtu, anyamaze."

Alikata uzi, akauchoma kwenye jiko. Moshi wake ulinuka udongo.

"Imeisha?" Akoth aliuliza.

Opiyo hakumtazama. "Ilifaa nyuzi zikatwe babako akiwa bado ndani ya nyumba. Leo nimekata uzi tu."

Akoth alimwonya Emmah, akamwapisha. Msichana akacheka, "Sawa, Mum, sitaitika mtu." Kinubi kilifungiwa Mwihoko, na siku ya harusi kanisani ikapigwa kinanda. Akoth akaanza kupumua. Mchungaji, kijana ambaye hata ndevu hazijamwota vizuri, akafungua kitabu cha viapo.

"Emmah," akaita.

Na chini ya sauti yake, au nyuma yake, au kwenye mbao za kiti alichokalia Akoth, uzi ulilia, ukaita jina lile lile kwa upole wa mzee anayemwita mjukuu aje akae karibu, na harufu ya udongo ikapanda miguuni hadi kooni, na Akoth akasimama apige kelele, lakini kabla hajafungua kinywa Emmah, ambaye alikuwa ameambiwa aitike mchungaji na asiitike mwingine yeyote, alitabasamu akitazama mlangoni ambako hapakuwa na mtu.

"Niko hapa, babu."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji mwenyewe alicheka, akajishika kidevu. "Jamani, nimezeeka hivyo?"

Akoth pekee hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe, amtazame vizuri wakati bado yupo.