Aliyesemwa Yupo

Selina alikuwa kwenye ungo wa nne, anapepeta alizeti kando ya banda la mashine, jirani yake Martha alipoingia uani mbio, kanga kaishika mkononi.

"Mama Lea, weka ungo chini. Mumeo yuko kwa mtendaji."

"Mume gani? Hata kama umenitafutia mwingine, ungeniuliza kwanza."

Martha hakucheka. "Bonifasi. Anasaini mashine iende kwa Hosea."

Bonifasi alikuwa na miaka mitatu kaburini, nyuma ya zizi. Kijiji kizima kilitupia udongo. Lakini mjini hawakujua. Leseni, kiwanja, mashine ya kukamua mafuta, vyote viliandikwa jina lake peke yake, na wosia hakuacha. Selina aliogopa kwamba mirathi ikifunguliwa, shemeji yake Hosea atasimama kwenye kikao cha ukoo na kuondoka na mashine, watoto wabaki na mashudu. Kwa hiyo cheti cha kifo hakukifuata. Kila mwaka alilipia leseni kwa jina la marehemu. Mjini wakipiga simu kumwulizia, alijibu neno moja: "Yupo."

Alikwenda na kanga yake ya vumbi hivyo hivyo. Saa saba mchana, njia nyeupe kwa jua.

Mtendaji, mgeni wa mwezi mmoja pale kijijini, alikuwa anatafuta muhuri.

"Shikamoo mama. Mzee katoka sasa hivi, mmepishana mlangoni."

Selina hakupishana na mtu.

"Ana mkono wa baridi yule! Nikamtania, mzee, wewe uko hai kweli? Akasema, mke wangu husema nipo."

Hosea alikuwa amejikunyata pembeni ya benchi.

"Shemeji," alinong'ona, "sahihi nilitaka kuighushi mimi. Nikamdanganya mtendaji kwamba kaka anakuja nyuma yangu. Nikageuka. Akawa anakuja."

Selina akaitazama karatasi. B ile ile, yenye mkia. Wino mbichi.

Akisema kweli, mashine inaingia kwenye mirathi. Akinyamaza, imekwenda.

"Hayupo," alisema. "Bonifasi alikufa. Mwaka wa tatu huu."

Nje, kitu kilisogea kwenye changarawe. Mara moja. Hakikuondoka.

Mtendaji aliichana karatasi. Marehemu hagawi mali, alisema. Cheti kifuatwe, ukoo ukae, mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi.

"Ukoo ukikaa Jumamosi, nitakupendekeza wewe," Hosea alisema. "Mashine siitaki tena. Ila leo nisilale peke yangu."

Jua halijazama, Selina alisonga ugali wa uwele, akaubwaga kwenye sinia, akaweka bakuli la mlenda katikati. Akakomea mlango. Akahesabu. Mama mkwe. Lea. Pendo. Hosea. Yeye mwenyewe. Watano. Hakuna aliyekosekana.

Mama mkwe akajisogeza kwenye mkeka, taratibu, kama anayempisha mtu.

"Mama, unampisha nani?"

"Tule, mwanangu. Ugali unapoa."

Birika la kunawia lilikuwa bado limejaa. Mikono yote mikavu. Lakini ugali ulikuwa umeshamegwa ubavuni, tonge moja kubwa, na palipomegwa palibaki alama za vidole vinne na udongo mwekundu.

Selina alilizungusha sinia polepole mpaka upande ule ukamwelekea yeye.

"Naweni," alisema.