Mikono Miwili ya Kushoto

Kila asubuhi fundi huvaa futi shingoni kabla hajavaa viatu. Futi ni ule utepe wa kupimia nguo. Mkewe hufungua mlango wa duka, ambalo ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Mume hukata, mke hushona. Wateja humwita mke Mama Vifungo, kwa kuwa hajawahi kutoa nguo yenye kifungo kilicholegea. Maneno yake nayo hayalegei.

Miezi kadhaa iliyopita, fundi alipanda ngazi kutundika kibao kipya cha duka. Ngazi iliteleza. Alianguka, akagonga kichwa kwenye ukingo wa saruji, na ubongo wake ukaumia. Alilazwa hospitali. Aliporudi nyumbani alitembea vizuri, alikula vizuri na alitania vizuri. Nywele ziliota juu ya kovu. Majirani wakasema, "Fundi amepona." Mama Vifungo akaamini, maana alitaka sana kuamini.

Lakini kila siku, kabla jua halijafika utosini, fundi alikuwa ameishiwa nguvu. Macho yalimwuma. Maneno yalimpotea mdomoni.

"Ngoja nijinyooshe kidogo," alisema.

"Umelala usiku kucha!" mkewe alisema. "Umechoshwa na nini, mto?"

Wifi yake, dada wa fundi, alikuwa akija kutia vifungo na kutia chumvi. "Kaka yangu ameonja kitanda cha hospitali," alisema, "sasa kimemnogea."

Mama Vifungo akaamua kumtibu mwenyewe. Alimpa kahawa nzito. Aliongeza sauti ya redio ili asisinzie. Alimpa kazi tatu kwa mpigo ili asipate nafasi ya kukaa. Kwa nia alikuwa mke mwema. Kwa dawa alikuwa hatari.

Siku moja mwalimu wa kwaya alileta kitambaa cha buluu cha majoho.

"Mjihadhari," alisema. "Dukani kimekwisha. Hakuna kingine."

Kitambaa kilikuwa na upana mdogo. Hakikutosha kukunjwa ili mikono miwili ikatwe pamoja. Fundi alipaswa kukata mkono mmoja, kisha ageuze karatasi ya kipimo, ndipo akate wa pili. Alifanya hivyo mchana. Redio iliimba, mteja alisimulia harusi ya jirani, na Mama Vifungo aliuliza habari za pindo.

Jioni Mama Vifungo alichukua joho la kwanza ili aunganishe mikono. Akaugeuza mkono mmoja. Akaugeuza tena.

"Fundi," alisema, "huyu mwanakwaya ana mikono miwili ya kushoto?"

Akatazama majoho mengine. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

Fundi alikaa chini. "Nilijua nigeuze karatasi," alisema. "Nilijua kabisa. Nikatafuta kichwani, nikakuta giza."

"Giza la usingizi! Uvivu huu utatufungisha duka." Mama Vifungo akatwaa mkasi mkubwa mezani. "Nitatafuta mkataji mwingine. Wewe endelea kulala."

"Mke wangu, chukua meza, chukua kiti. Mkasi wangu usimpe mtu. Nisipokata, mimi ni nani?"

Mama Vifungo aliufungia mkasi kwenye droo. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu.

Kesho yake ilikuwa siku ya fundi kurudi kliniki. Mama Vifungo alimsindikiza, na mashtaka yake ameyapanga. Mtaalamu waliyemkuta alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Kazi yake ni kuwasaidia watu walioumia ubongo warudi kwenye shughuli zao.

"Naomba dawa ya uvivu," Mama Vifungo alisema hata kabla ya kukaa.

"Hiyo sina, mama. Na ningekuwa nayo, mumeo isingemfaa. Yeye ana uchovu."

"Uvivu na uchovu si ndugu?"

"Wanafanana majina tu. Mvivu ana nguvu, hataki kuzitumia. Mumeo anataka, nguvu zimekwisha. Hebu niambie, cherehani yenu inaendeshwa na nini?"

"Umeme."

"Ukikatika?"

"Nakanyaga kwa mguu."

"Mshono unabadilika?"

"Mshono haubadiliki," Mama Vifungo alisema. "Kiuno ndicho kinachobadilika."

Mtaalamu akacheka. "Basi ubongo wa mumeo sasa unakwenda kwa mguu. Kazi ni ileile, lakini jambo ambalo zamani lilikwenda lenyewe, sasa analisukuma. Kukata ni kusukuma. Kusikiliza mteja ni kusukuma. Redio nayo, hata asipoisikiliza, ubongo unahangaika kuiweka kando."

Mama Vifungo alitazama mikono yake. "Na kahawa?" aliuliza polepole.

"Ikizidi, inamharibia usingizi wa usiku. Kesho anaamka amechoka zaidi."

"Lakini mbona anaonekana mzima?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," fundi alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Mtaalamu akamgeukia. "Fundi, kichwa chako huwa chepesi wakati gani?"

Fundi alishangaa. Tangu aanguke, hakuna aliyemwuliza hivyo. "Asubuhi," alisema. "Kabla redio haijaamka."

"Basi kata asubuhi, kazi moja kwa wakati mmoja, mahali palipo kimya. Na usingoje mpaka uzime. Pumzika kabla hujachoka. Ukijisikia vizuri siku moja, usifanye kazi za wiki nzima, maana kesho utailipia."

"Nitapona?" fundi aliuliza.

"Wengi hupata nafuu kidogo kidogo. Wengine uchovu hukaa nao muda mrefu. Siwezi kukuahidi. Naweza kukufundisha kuishi nao."

Mtaalamu alimwelekeza pia kwa daktari apimwe damu, na aulizwe kuhusu dawa anazotumia, usingizi na huzuni, kwa sababu uchovu una vyanzo vingi. Kisha akamwambia Mama Vifungo, "Kichwa kikimwuma na kuzidi, akitapikatapika, akipata kifafa, mkono au mguu ukilegea, au akilala na asiamshike, usingoje kliniki. Mlete hospitali mara moja."

Wakashika njia ya nyumbani. "Mwenye kovu usidhani kapoa," Mama Vifungo alisema. "Methali hii niliijua tangu utoto. Na kovu nililiona kila siku. Nisamehe, mume wangu."

"Nirudishie mkasi, nitakusamehe," fundi alisema.

Akaurudisha siku hiyohiyo. Redio ikahamia jikoni. Fundi naye akaweka utaratibu wake. "Wakati mwingine hata kusema 'nimechoka' ni kazi," alimwambia mkewe. "Nikivua futi nikaitundika kwenye msumari ule, ujue kichwa kimejaa. Usiniulize kitu."

Asubuhi iliyofuata, duka likiwa kimya, aliitandaza mikono ya buluu mezani. Aliitazama kwa utulivu. "Majoho ni mapana," alisema. "Tukipunguza upana wa mikono yote, hii ya makosa naweza kuikata upya iwe ya kulia." Mama Vifungo alimweleza mwalimu wa kwaya ukweli wote, naye akakubali. Fundi alikata mikono michache kila asubuhi. Futi ilikwenda msumarini, ikarudi shingoni. Siku mbaya zilikuwepo bado. Kuna siku futi haikushuka msumarini kabisa.

Mwalimu wa kwaya alipokuja kuchukua majoho, aliikuta futi inaning'inia na mlango wa chumbani umefungwa.

"Fundi amelala?" aliuliza.

Wifi akafungua mdomo. Mama Vifungo akamkata jicho, wifi akaufunga.

"Punguza sauti, Mwalimu," Mama Vifungo alisema. "Fundi yuko kazini."

"Kazini wapi?"

"Anapumzika. Kwake hiyo ni kazi, na mimi ndiye niliyechelewa kuijua."

Baadaye kidogo mlango ulifunguka. Fundi alitembea mpaka msumarini, akachukua futi, akaivaa shingoni. Akaliinua joho la buluu mbele ya mgeni.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Tuanze na mkono wa kulia."