Kitenge cha Kura

Mwaka wa pili wa uhuru, Thaddée alikuwa mchukuzi wa mizigo kwenye bandari ya Kalundu. Kila asubuhi kapita, msimamizi wa kazi, alinyoosha kidole: weye, na weye. Aliyerukwa na kidole hicho alirudi nyumbani mikono mitupu.

Kapita huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa sendika, chama cha wafanyakazi. Siku ya kura, kila mtu alipanga mstari nyuma ya anayemtaka. Thaddée alimtaka mchukuzi mwenzake Mathieu, aliyedai magunia mazito yabebwe na watu wawili. Lakini alisimama nyuma ya kapita.

"Kama kitoto cha bata!" mkewe Honorine alimcheka, akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani.

"Mama Domitille," Thaddée alimjibu kwa jina la binti yao, "kidole kikiniruka kesho, tutakula nini?"

"Basi mupige kura kwa siri."

"Kujificha? Hiyo iko kazi ya wezi. Miye niko mwanaume."

"Ndiyo, mwanaume wa mgongoni kwa kapita."

Neno hilo lilimchoma. Jumapili, baada ya misa, akamwendea jirani yao Léopold, karani wa tribinali, yaani mahakama.

"Kanuni ya sendika yenu inasemaje?" Léopold aliuliza.

"Kila mmoja achague bila kutishwa."

"Na mwenye kugawa kazi akikukodolea macho?"

Thaddée akakiri kwamba alisimama nyuma ya kapita, akaongeza kuwa kujificha ni kazi ya wezi.

"Ndugu, siri haifichi mwizi. Inalinda mpiga kura. Kwanza mulalamike kwa kamati ya sendika, kwa maandishi. Ikikataa, muende tribinali, juge aamue. Lakini muende pamoja. Muntu mmoja atanyimwa kazi tu."

Kamati ilikataa. Wachukuzi wakapeleka shauri tribinali. Asiyejua kuandika alitia alama ya kidole. Juge akasikiliza pande zote mbili, akafuta kura ya mstari, akaagiza irudiwe kwa siri.

Honorine alitoa kitenge chake, kikatundikwa ofisini. Nyuma yake kulikuwa na vyungu viwili, kimoja cha kapita, kimoja cha Mathieu. Kila mtu aliingia peke yake na punje moja ya haragi, yaani haragwe, akaitia katika chungu cha anayemtaka. Kapita alisimama nje akiona miguu tu.

Mathieu alishinda. Tangu siku hiyo magunia mazito yalibebwa na watu wawili.

Kisha uasi dhidi ya serikali ukafika. Thaddée alikimbilia milima ya Lemera, wala hakurudi. Vita vilipotulia, wachukuzi walikuja kumpa Honorine pole. Kisha Mathieu akasema kwa upole:

"Mama Domitille, tunataka kuchagua tena. Kile kitenge kiko?"

Honorine akakitoa sandukuni, akakiinua kwenye mwanga.

"Kiko na tundu," alisema. "Mungoje. Nitashona kwanza."