Jina la Kamanda

Katika miaka ishirini na mbili ya utumishi wa serikali, hakuna mtu aliyewahi kuinuka kwa heshima Ishaq anapoingia chumbani. Kwa hiyo Jumapili ile, alipofungua mlango wa ofisi ya nyaraka kule Maskati na kusikia viti vikiburuzwa sakafuni, kama watu wengi wameinuka kwa pamoja, jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka nyuma kuona mkubwa gani anamfuata.

Mkubwa hakuwepo. Alikuwepo mkewe Muhsina, na mkoba wa chakula.

"Umesikia?" Ishaq akauliza.

"Nimesikia. Na humu mna viti viwili tu, changu na chako."

Vyote viwili vilikuwa mahali pake.

Wawili hawa walitoka kwao Mabela kila asubuhi katika gari moja na kufanya kazi katika chumba kimoja: Ishaq mkuu wa kitengo, Muhsina naibu wake. Nyumbani mpangilio uligeuka, wala hapakuhitajika waraka. Kitengo chenyewe kilikuwa na watu hao wawili, mihuri sita, na tangu wiki iliyopita, sanduku la bati lililoletwa na familia moja ya pwani ya mashariki.

Ndani ya sanduku mlikuwa na daftari la kikosi cha Waingereza cha ndege za mabomu, la wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ndege tisa ziliruka kuwinda manowari. Ukungu ukashuka, na ndege ya kamanda, iliyokuwa mbele, ikaanguka baharini. Kanuni yao ilikuwa hakuna kugeuka bila amri ya kamanda. Basi zile nane zikazunguka pale pale, zikazunguka, mpaka mafuta yakaisha. Karani wa redio aliyebaki nchi kavu aliandika mstari wa mwisho: Wanaomba amri. Hakuna wa kuwajibu.

Jina la kamanda lilikuwa limeliwa na maji ya chumvi. Historia ingeweza kulistahimili hilo, lakini mfumo mpya wa kompyuta haukuweza. Sehemu ya "Kamanda wa kikosi" ilikuwa ya lazima, na mfumo ulikataa jina lolote lisilo na nambari ya kitambulisho cha raia. Ishaq hajawahi kuacha sehemu wazi katika fomu tangu aajiriwe. Alijaza jina lake mwenyewe, na nambari yake. Kwa muda tu. Mfumo ukapokea, ukamshukuru, ukaifunga rekodi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili wakamwinukia.

Jumatatu ilikuja harufu ya petroli na mwani uliooza. Jumanne kiyoyozi kilinguruma kama injini. Fundi alikuja, akakizima, ngurumo ikaendelea; akaandika "kipo sawa" na kuondoka bila kunywa kahawa. Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, simu ya mezani ililia. Ishaq alisikiliza, uso ukamsawijika.

"Nani?" Muhsina akanong'ona.

"Mzungu. Ana adabu sana."

"Anataka nini?"

"Amri."

"Si umpe, baba Badr! Waambie warudi makwao."

"Nshawaambia." Ishaq alirudisha simu polepole, kama kikombe kilichojaa. "Wanasema, 'Tangulia, bwana. Kamanda hutangulia.'"

Muhsina akampigia Taghreed, msichana wa idara ya mifumo.

"Mwanangu, lifute jina la mume wangu katika ile rekodi."

"Wallahi siwezi, khalti. Rekodi ikishafungwa, kuifuta kunataka idhini ya kamanda mwenyewe..."

"Huyu hapa, kaidhinisha!"

"...na ya kamati. Kamati inakaa mwezi ujao. Lakini kubadilisha naweza sasa hivi. Nipe jina la mtu mwengine na kitambulisho chake."

Muhsina alijua majina mengi. Alikuwa nayo mawili matatu ya wakubwa ambao angewapa heshima hiyo bila kinyongo.

"Hapana," Ishaq akasema kabla mkewe hajafungua mdomo. "Simbebeshi mtu."

Alhamisi wakamwita Maalim Msellem kutoka Hail, mzee anayejulikana kwa kusomea watu. Getini walitaka sababu ya ziara. Muhsina akaandika "matengenezo ya kiyoyozi." Mlinzi akatazama kilemba, bakora na msahafu, akapiga muhuri.

Maalim alisimama katikati ya chumba, akasikiliza.

"Hawa si wafu," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyekufa kenda kwa Mola wake. Hawa ni makarini wao, yule jini anayezaliwa na kila mtu. Wenyewe wamezama, wao wangali juu."

"Watoe, maalim."

"Jini hutolewa kwa kuamrishwa, binti yangu. Hawa hawachukui amri yangu. Wana mkubwa wao." Akamtazama Ishaq, akaondosha macho haraka. "Ntasoma. Siahidi kitu."

Akasoma, na ngurumo ikapanda juu ya sauti yake, ikazunguka kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi mlangoni, na jua la saa saba la Maskati likafifia nyuma ya ukungu mweupe ambao mji ule hauujui, na simu ikalia, na Ishaq akanyoosha mkono kwa heshima kama mtu anayepigiwa na waziri, na Muhsina akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili akauvuta kwa nguvu zake zote, na mkono ulikuwa wa baridi, umelowa, ukateleza kama samaki.

"Wamechoka, mama Badr," Ishaq akanong'ona. "Miaka themanini wanazunguka."

Kisha akasema ndani ya simu: "Nipo mbele. Nifuateni."

Akainamia meza. Kinywani mwake yakatoka maji ya bahari, mengi, yakalowesha daftari, yakadondoka sakafuni. Ukungu ukaondoka. Ngurumo haikuondoka, ilizunguka.

Maalim akafunga msahafu. "Imekuwa kama mara ya kwanza," akasema. "Katangulia, kaanguka. Wao wamebaki juu."

Cheti cha kifo kiliandikwa moyo. Maji yaliandikwa hitilafu ya kiyoyozi.

Muhsina alikaa eda nyumbani miezi minne na siku kumi, kwa likizo ambayo sheria humpa mjane. Hakusikia chochote, hata ndotoni. Badr alianza kumwambia kwamba yameisha, naye akaanza kumwamini mwanawe.

Siku ya kurudi kazini, akiwa ukumbini mbele ya mlango wa ofisi, ujumbe ukaingia katika simu yake. Mfumo ulimpongeza. Kwa mujibu wa kanuni, nafasi ya mkuu ikiwa wazi naibu hukaimu mara tu anaporejea, pamoja na majukumu yote yaliyosajiliwa kwa jina la marehemu. Hakutakiwa kujaza kitu. Nambari yake ya kitambulisho walikuwa nayo.

Akafungua mlango.

Viti vikaburuzwa sakafuni, vingi, kwa pamoja. Muhsina hakugeuka nyuma kuona mkubwa gani anamfuata.