Kamba ya Otto

Hebu fumba macho kidogo uione picha hii. Ukumbi mrefu wa wodi, sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa, na nje ya madirisha theluji inaangukia magari taratibu. Mwanamke wa makamo anatembea na mbwa mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya asali. Mbwa yuko mbele, mwanamke yuko nyuma, na kati yao kuna kamba. Sasa itazame kamba hiyo vizuri. Kamba ya mbwa mtulivu hulegea na kubembea. Hii ilitoka shingoni mwa mbwa ikanyooka kwenda kando, kuelekea mlango wa chumba kitupu, ikajipinda hewani mahali pasipo na kitu, ndipo ikarudi mkononi mwa mwanamke.

Mwanamke huyo ni Marlys Aho, ingawa pale katika kituo cha wagonjwa wa kiharusi, mjini Duluth, karibu hakuna aliyelijua jina lake. Wote walimwita Mama Otto. Wagonjwa walimtania kwamba mwenye kazi ni mbwa, yeye ni dereva tu, naye alicheka, maana kabla ya kustaafu alikuwa kweli dereva wa basi la shule. Otto alijua kuweka kidevu juu ya kitanda na kutulia tuli. Vidole vilivyokataa kushika kijiko vilikubali kushika sikio lake. Watu waliokuwa wameugeukia ukuta waligeuka tena.

Kazi hiyo ina mwiko, nao hufundishwa siku ya kwanza: kamba haitoki mkononi mwa mwenye mbwa. Si kwa mtoto, si kwa daktari, si kwa mgonjwa unayempenda kuliko wote.

Mgonjwa ambaye Marlys alimpenda kuliko wote alikuwa Leland Haugen, mzee aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu katika uwanja wa mpira wa magongo unaochezwa barafuni. Kiharusi kilikuwa kimempokonya maneno yake yote, kikamwachia moja tu: ngoja. Akiletewa supu, ngoja. Akiulizwa amelalaje, ngoja. Otto akitokeza mlangoni, ilikuwa ngoja, ngoja, ngoja, huku machozi ya furaha yakimtoka. Wauguzi walilizoea neno hilo kiasi kwamba hawakulisikia tena. Walimjibu tu, "Ngoja na wewe, mzee."

Alasiri moja muuguzi mmoja alikuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Harufu ya kahawa ilijaa ukumbini, na vicheko vilisikika kutoka chumba cha wafanyakazi. Mtu alichungulia akamwambia Marlys keki inakwisha. Marlys alimtazama Leland aliyeketi katika kiti chake cha magurudumu, akaitia kamba katika mkono wake ulio mzima.

"Mshike mpaka nirudi," alimwambia. "Nakuja sasa hivi."

"Ngoja," Leland alisema.

"Ngoja na wewe," alimjibu akicheka, akatoka.

Aliporudi, kichwa cha mzee kilikuwa kimeinama kifuani. Otto alikuwa amesimama huku akitetemeka mwili mzima bila kutoa sauti, kwa sababu alifunzwa kutobweka wodini. Mkono wa Leland ulikuwa umeikaza kamba, na Marlys alilazimika kuvifungua vidole kimoja baada ya kingine kabla ya kuwaita wauguzi. Walipomuuliza, alisema alikuwa pale pale. Na binti wa marehemu, Karin, alipofika na theluji ingali mabegani mwake, Marlys alisikia ulimi wake ukimwambia, "Nilikuwa nimemshika mkono. Alisinzia tu."

Karin alimkumbatia kwa nguvu. Hapo ndipo uongo ulipofunga mlango nyuma yake.

Mwanzoni ilikuwa kamba tu. Kila walipopita mbele ya chumba cha Leland ilivutwa kwa upole, kama mtu anavyovuta ili aangaliwe. Marlys alijiambia kwamba mbwa ana huzuni. Kisha ikahamia nyumbani. Alikuwa akimenya viazi aliponusa dawa ya kuchua misuli, ile kali ya menthol ambayo Leland alipakwa begani. Alipogeuka, kamba iliyokuwa imetundikwa karibu na mlango ilikuwa imenyooka sebuleni, ncha moja shingoni mwa Otto na ncha nyingine imeinuka hewani, juu kidogo ya magoti, pale ambapo mkono wa mtu aliyeketi ungekuwa. Otto alikuwa amekaa akiitazama ncha hiyo. Hakuutikisa mkia.

Tangu hapo Otto akaacha kula. Daktari wa mifugo alimpima damu, akamtazama meno, akasema hana ugonjwa, ila akauliza ni nani anayemvuta mbwa huyu, maana manyoya ya shingoni yameisha na ngozi imekuwa nyekundu. Marlys alikuwa hajamvuta. Alimvua ukosi wa shingoni, akauficha pamoja na kamba ndani ya buti la gari. Alipoingia ndani akamkuta Otto ameuvaa.

Karin naye alianza kuja wodini kila wiki kugawa mablanketi aliyoyafuma mwenyewe. Humo alikuwa akiwasimulia wagonjwa wapya jinsi baba yake alivyokufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Otto, na kwamba bila hilo asingeweza kulala. Alimletea Otto biskuti za siagi ambazo mbwa hakuzigusa. Kila mara Marlys aliitikia kwa kichwa, na kila mara kamba ilikaza kiganjani mwake.

Siku aliyoshindwa kuvumilia ilikuwa mchana kweupe, ndani ya lifti, yeye na Otto peke yao, milango ilipofungwa na taa ikapepesa na ile harufu ya menthol ikapanda polepole kutoka sakafuni mpaka puani, na nyuma yake, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya mtoto kusimama, gurudumu dogo likalia kwa mlio mwembamba kama linageuzwa na mtu asiye na nguvu, likaja, likagusa kisigino chake, likatulia, na Otto akajilaza kifudifudi akiwa amegeuza macho kumwelekea huyo aliyekuwa nyuma, na pumzi ya baridi kama ya uwanja wa barafu ikampitia Marlys mkononi, na sauti ambayo haikuwa ya hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi, ikasema:

"Ngoja."

Alishukia ghorofa isiyo yake na kumkokota mbwa mpaka ofisi ya kasisi wa kituo, Mchungaji Lindqvist, mtu mnene aliyependa mizaha. Siku hiyo hakutania. Alisali, akamwekea Otto mkono kichwani, akasali tena kwa Kiswidi cha bibi yake. Kamba ikabaki imenyooka kuelekea kona tupu. Basi akavuta kiti, akamwomba Marlys amweleze yote tangu mwanzo. Marlys alieleza, sauti ikiwa ya chini kama anaogopa kusikiwa na kona ile.

"Maneno yenyewe uliyomwambia ni yapi?" mchungaji aliuliza.

"Mshike mpaka nirudi."

"Na watu wote wanajua hukuondoka." Akaitazama kamba. "Mtu ambaye hakuondoka atarudije, Marlys? Mzee anafanya ulichomwagiza."

Marlys alisema kwamba akimwambia Karin ukweli atamnyang'anya kitu pekee kinachomlaza usingizi. Mchungaji alikiri kuwa ni kweli, na kwamba hajui kama ni haki. Alichokijua ni kwamba mbwa hatamaliza wiki.

Karin walimkuta katika chumba kile kile, akitandika blanketi la kijani juu ya kitanda kilichokuwa kikisubiri mgonjwa mpya. Alitabasamu, kisha akaiona kamba. Ilikuwa imetoka shingoni mwa Otto, ikapita kando ya kitanda na kunyooka mpaka dirishani, na karibu na dirisha hapakuwa na mtu. Tabasamu likamwisha.

"Mama Otto, hiyo ni nini?"

"Ni baba yako," Marlys alisema. "Bado amemshika. Mimi ndiye niliyemwambia amshike."

Akamwambia yote. Alimwambia kwamba hakumshika mkono, wala hakuwa chumbani. Kwamba mzee alisema ngoja, na kwamba safari hiyo huenda alimaanisha ngoja, naye akamcheka. Karin alisikiliza akiwa ameliminya blanketi. Ubaridi ulikuwa umejaa chumbani kiasi kwamba pumzi zao zilionekana.

"Ulikwenda wapi?" Karin aliuliza.

"Kula keki."

Karin alilikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Alipouliza tena, hakumtazama.

"Kipande kimoja?"

Kamba ilitetemeka kama uzi wa gitaa. Otto aligumia kwa maumivu.

"Viwili," Marlys alisema. "Nilirudia."

Ndipo kamba ikaanguka. Ilianguka sakafuni yote kwa pamoja, nzito, na Otto akapiga chafya, akajikung'uta, akaenda kunywa maji machafu kwenye ndoo ya deki iliyoachwa mlangoni. Harufu ya menthol iliondoka kidogo kidogo.

Karin hakusema amesamehe. Alichukua mablanketi yake na kuondoka, na wiki zilizofuata hakuja. Marlys alirudisha kitambulisho chake kituoni kabla hajaombwa, na jioni Otto alikula bakuli zima.

Sasa fumbua macho, mpenzi msikilizaji. Mengine unaweza kuyasahau, hata lile gurudumu ndani ya lifti. Ukumbuke moja tu, nakuomba: Marlys angeweza kusema kipande kimoja.