Samaki wa Thoa Atembezwa Hanoi

Jamani, nisameheni mapema. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Sauti ninayo, mdomo ninao, lakini huyu samaki ananishinda. Haya, twende hivyo hivyo.

Thoa anakaa Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Ana miaka sita, na samaki mmoja mwekundu ndani ya ndoo.
Chubwi, chubwi!

Huko kwao, mwaka ukikaribia kwisha, Bwana wa Jikoni, mungu mlinzi wa kila nyumba, huenda mbinguni kupeleka habari za nyumbani. Hupanda samaki! Ndiyo maana watu huachilia samaki majini.

Mwaka jana, Bibi ndiye aliyeshika ndoo. Mwaka huu Bibi hayupo. Alifariki wakati wa mvua.

Baba akatoa baiskeli. "Twende, mwanangu. Tukamwachilie."

Thoa akakumbatia ndoo. "Baba, huyu ametoka sokoni. Mji haujui. Bibi akimuuliza habari za Hanoi, atajibu nini?"

Baba akajikuna kichwa. "Basi panda. Tumtembeze."

Wakafika ziwani, katikati ya mji.
"Ona, samaki. Lile daraja jekundu. Ule mnara wa kobe. Hapa Bibi alifanya mazoezi kila asubuhi."
"Tumwachilie hapa?"
"Bado kidogo, Baba. Bado kidogo."
Chubwi, chubwi!

Wakafika kwenye hekalu la nguzo moja. Hekalu zima, juu ya nguzo moja tu!
"Hapa Bibi alijaribu kusimama kwa mguu mmoja," alisema Thoa.
"Akaniangukia mimi," alisema Baba.
"Tumwachilie sasa?"
"Bado kidogo, Baba. Bado kidogo."
Chubwi! Maji yakamwagika.

Mama muuza tambi akapiga kelele, "We Baba Thoa! Suruali imelowa! Umejikojolea?"
"Ni samaki, dada!"
"Wote husema hivyo!"

Wakafika kwenye daraja refu la chuma. Treni ikapita. Ga-dang, ga-dang!
Thoa akachungulia ndoo.
Chu...
Kimya.

"Maji yamebaki kidogo," Baba alisema polepole. "Anachoka, mwanangu."

Thoa akaitazama ndoo. Alitaka kusema bado kidogo. Hakusema.

Wakashuka mtoni. Thoa akainamisha ndoo.
"Mwambie Bibi mji upo. Mwambie nakula mboga zote."
Akakumbuka kuwa Bwana wa Jikoni huona kila kitu.
"Karibu zote. Haya, nenda."

Chubwi.
Samaki akaenda.

Thoa akalia. Baba naye akalia. Wakarudi na ndoo tupu.

Usiku, Thoa alijifunika blanketi mpaka kidevuni.
"Baba, mbinguni ni mbali?"
"Mbali sana. Lakini yule ana mkia."
Thoa akacheka, kicheko kidogo. Kisha akalala.

Na wewe mkubwa unayesoma, kama unafuta machozi, usimlaumu samaki. Nilaumu mimi: niliitwa hapa kuchekesha.