Gitaa Lililoitika

Stesheni ilikuwa imefurika. Mtangazaji wa treni alishuka kutoka kwenye kibanda chake cha vioo, kasha kuukuu la gitaa begani, akajitosa katikati ya abiria. Alivaa sketi ya kijani ya sare na skafu ya njano shingoni. Pete ya ndoa bado ilikuwa kidoleni, ingawa aliyemvisha alikuwa kaburini mwaka wa pili huo.

Mtu akamsukuma. Kitasa cha kasha kikafunguka, gitaa likaponyoka. Kabla halijafika sakafuni, mkono wa mwanamume ulilidaka shingoni kama mtu anavyomdaka kuku.

"Polepole, dada. Mtoto ataumia."

"Naomba radhi kwa usumbufu," alisema, kama alivyozoea kuwaambia abiria kutwa.

Yule mwanamume akaganda. "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Kumbe ni wewe! Miaka yote hii unanichelewesha kazini, halafu unaniomba radhi kwa sauti tamu mpaka hasira zinaniisha."

"Mjumbe hauawi, kaka. Mimi natangaza tu." Akacheka, na kicheko chake kikamshtua mwenyewe. Kilikuwa na kutu.

Mwanamume alikuwa na shati lenye madoa ya nta, penseli sikioni, na alinukia mishumaa. Alilitazama gitaa kwa upendo. "Nina karakana ya hivi vitu. Hili la nani?"

"La mume wangu."

"Anapiga muziki?"

"Marehemu."

"Pole sana."

"Asante. Ila gitaa bado linasema." Alimtazama usoni aone kama atacheka. "Wiki iliyopita nililiacha kwenye chumba cha mizigo iliyopotea, nipate kulala. Nimeshindwa. Leo nimelifuata."

Fundi hakucheka. "Twende ukanionyeshe," alisema.

Karakana ilikuwa juu ya duka la viatu. Magitaa yalining'inia darini kwa shingo, na kila treni ilipopita yalitikisika kidogo yote kwa pamoja. Mtangazaji aliketi ukingoni mwa kiti akaeleza. Kila Jumapili mchana, wifi yake akijilaza, yeye hulikalisha gitaa kwenye kiti cha marehemu, akaliunganisha na amplifaya. Kwanza huja mvumo kama wa friji. Kisha mluzi mwembamba. Halafu yeye humuuliza marehemu: Upo?

"Linajibu?"

"Nipo. Si wazi sana. Kama mtu anayesema huku amefunikwa shuka usoni."

Fundi alichukua bisibisi. "Na unataka nifanye nini?"

"Toa mvumo. Unamziba. Yeye mwenyewe usimguse."

Fundi alilegeza skrubu, akainua vijisanduku viwili vyeusi kutoka chini ya nyuzi. "Hizi ndizo pikapu."

"Pikapu? Za kubebea mizigo?"

"Hizi hubeba sauti ya nyuzi, mama. Mizigo umeileta wewe."

Akakiunganisha kimoja na spika, akakigusa kwa ncha ya bisibisi. Spika ikatoa mlio mzito, ko, ko, kama mtu aliye nje ya mlango. Mtangazaji akamkamata mkono.

Hapo hapo fundi akajua. Ndani ya pikapu mna waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Ukizeeka hulegea, na ukilegea hutetemeka kwa kila sauti ya chumbani, si ya nyuzi peke yake. Gitaa lilikuwa limegeuka sikio. Alipaswa kumwambia. Lakini vidole vya yule mwanamke vilikuwa bado mkononi mwake, vya baridi, na maneno yakamkauka.

"Niachie," alisema. "Nitaanza na mvumo."

Simu zikaanza.

"Fundi, gitaa langu linaendeleaje?"

"Limekula, limelala. Linauliza mwenyewe atakuja lini."

"Liambie mwenyewe yuko kazini."

"Basi siku moja nitangazie na mimi, stesheni nzima isikie."

"Nifukuzwe kazi kwa ajili yako? Wewe nani?"

Lakini asubuhi moja vipaza sauti vya stesheni vilisema, kwa adabu zote: "Abiria anayenukia mishumaa anaombwa asisimame karibu na reli. Kuna anayemhitaji mzima." Fundi aliangua kicheko peke yake mpaka watu wakajitenga naye.

Alivika tumbo la gitaa karatasi ya shaba, mvumo ukatoweka. Mtangazaji aliendelea kuja baada ya kazi. Walikunywa chai kwenye vikombe visivyofanana, wakataniana, na siku moja alimfuta fundi unga wa mbao kwenye nyusi, mkono ukachelewa kurudi. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua mlango wa nyumbani, alisimama kwenye ngazi akajifuta rangi ya midomo. Ndani, kiti cha marehemu kilimwelekea mlangoni. Hakuna aliyekuwa amekigeuza. Alipita upande upande mbele yake, kama mtoto aliyechelewa kurudi.

Wifi yake, mdogo wa marehemu, alikuwa muuguzi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu. Aliyaona yote yale. Siku moja alichukua namba ya fundi kwenye simu ya wifi yake, akapiga.

"Mimi ni wifi wa mwenye gitaa. Amesema umalize kabisa. Mluzi, sauti, vyote. Usimpigie kumuuliza, ataanza kulia."

Fundi aliuliza mara mbili kama ni kweli. Ni kweli, aliambiwa. Basi akayeyusha nta taratibu juu ya maji ya moto, akazitumbukiza pikapu ili nta iushike waya uliolegea, akazitazama zikitoa mapovu madogo madogo, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi. Siku hiyo aliona kama anatazama kitu kikizama.

Mtangazaji alipokuja, alikuta gitaa limeunganishwa. Fundi alilipiga, likalia safi kama maji. "Sikia! Halina hata chembe ya kelele."

Mtangazaji aliinama karibu na nyuzi. "Upo?"

Kimya.

"Upo?" Akaongeza sauti ya amplifaya mpaka mwisho. Kimya kile kilikuwa kipana, hakina hata pumzi. "Umemfanya nini?"

"Wifi yako alinipigia. Alisema umekubali."

"Wifi yangu hata jina lako halijui! Nilikwambia usimguse."

"Mpenzi, nisikilize. Hapakuwa na mtu. Waya ulilegea, ukawa unadaka sauti ya chumbani. Ukisema upo, inarudi po. Ilikuwa sauti yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi, na hakuna neno lililowahi kukosea wakati kama lile.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea peke yangu," alisema polepole. "Na wewe ulijua. Tangu lini?"

Fundi alizima amplifaya.

"Nilikuwa nimebakiwa na neno moja tu la mume wangu, fundi. Moja. Umelizika kwenye nta." Akalibeba gitaa bila kasha, akashuka ngazi.

Hakupokea simu za fundi. Stesheni ilimsikia akitangaza kwa sauti bapa, isiyomwomba mtu radhi. Jumapili ilipofika aliliunganisha gitaa, akauliza, akangoja. Nyumba ilikuwa kimya. Kilichomtisha ni kwamba katika kimya kile bado alihisi anatazamwa.

Wifi alitokea mlangoni, hakuwa amelala. "Ni mimi niliyempigia."

Mtangazaji hakugeuka.

"Kila Jumapili nalala kule chumbani, macho wazi, nakusikia ukijiuliza na kujijibu. Nimewafumba macho wengi kazini, wifi yangu, naijua nyumba yenye mfu mmoja. Hii ilikuwa inaelekea kuwa na wawili. Kaka yangu nilimzika mwenyewe. Wewe sikuwa na nguvu ya kukuzika."

Walilia pamoja sakafuni, migongo yao imeegemea kile kiti.

Kesho yake mtangazaji alipiga simu. Fundi aliipokea kabla haijaita vizuri.

"Nta ikiingia, inatoka?"

"Ikipashwa moto, inatoka. Naweza kuulegeza waya tena. Itakuwa kama zamani. Ukitaka, nakurudishia."

"Hata kama si yeye?"

"Mimi nilikuwa nimechagua nikusikie ukicheka, nikanyamaza nilipotakiwa kusema. Safari hii chagua wewe."

Mtangazaji alimkuta karakanani, sufuria iko tayari juu ya jiko, shati safi limefungwa vifungo kombo. Lakini hakumpa gitaa. "Una pikapu nyingine iliyolegea? Isiyo yake?"

Fundi alitoa moja kuukuu kutoka kwenye mtoto wa meza, akaiunganisha. Mtangazaji alikaa nayo mkononi kwa muda mrefu. "Upo?" alisema.

Kutoka kwenye spika, kwa mbali, chini ya shuka: *po*.

Machozi yalimtoka kimya kimya. Nusu ya mji iliijua sauti ile, ilipanda treni kwa sauti ile, na yeye peke yake hakuwahi kuisikia. "Maskini," alisema. "Alikuwa ananiita mimi, huyu mwanamke."

Fundi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake. Angeweza kuitika, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Hakuitika. Aliona swali lile halikuwa lake. Alizima jiko tu, akamwaga maji.

"Nina jambo la kukueleza kabla hujaniambia yako," mtangazaji alisema, akijipangusa. "Nyumbani kwangu kuna mtu. Nta haimtoi. Huenda asitoke kamwe."

"Najua."

"Utakaaje na mtu kama huyo?"

Fundi alifikiri, akikuna kidevu. "Nitapiga hodi. Kila nikiingia, hodi mbili. Ya kwake na ya kwako. Ukinikubali."

"Hayo ni maombi ya ndoa au ya kazi ya ulinzi?"

"Chochote chenye nafasi."

Hakumjibu siku hiyo. Alimfunga tu vifungo vyake vizuri, kimoja kimoja, kuanzia chini.

Miezi ikapita. Jumapili moja, jua likiwa kali, fundi alikuja na shangazi yake, mama mnene aliyejifunika kitenge kipya, kuzungumza na wenye nyumba kama inavyostahili. Ndani, wifi alikuwa akipanga vikombe. Mtangazaji, kwa gauni la zambarau ambalo hakuwahi kulivaa mbele ya marehemu, alikuwa amesimama katikati ya sebule hajui aweke wapi mikono.

Hodi ikapigwa. Wifi akaelekea mlangoni. Kabla hajafika, ikapigwa tena.

"Jamani, shemeji, mara mbili ya nini?" akapaza sauti. "Sisi si viziwi humu!"

Kisha akamwona wifi yake usoni, na kicheko kikamkatika. Pazia lilitikisika, likatulia. Mtangazaji alivuta pumzi kama anayekaribia kipaza sauti, akakitazama kile kiti, akautazama mlango.

"Karibuni," alisema. "Ndani kuna nafasi."